Nichakaze Jeshi Langu la Visanamu au Niliache Safi?

Swali nalifupisha hivi. Msomaji amemaliza kupaka rangi jeshi lake la Wasovieti wa kiangazi cha 1943, visanamu vya 28mm (yaani urefu wa mtu mmoja ni kama milimita 28) kwa ajili ya gemu za vita za mezani, vifaru vya T-34 pamoja na askari wa miguu. Kazi safi, mistari imenyooka, hakuna rangi iliyovuka mpaka. Sasa mwenzake anayecheza naye kamwambia vimekaa kama vimeshuka kiwandani leo asubuhi, aongeze kutu, matope, michubuko na atoboe matundu ya risasi kwenye vifaru. Yeye anaogopa, kazi ya miezi inaweza kuharibika jioni moja. Anauliza afanye au asifanye, akifanya aanzie wapi, kama roboti wa anga za mbali, wale wa hadithi za kubuni, anaotaka kuwaanza baadaye nao wanafuata utaratibu huohuo, na zile namba nyeupe kwenye tareti, kile kichwa cha kifaru kinachozunguka na kubeba mzinga, azichakaze au aziache.

Mkuu, fanya, ila sio yote uliyoambiwa. Vumbi weka kwa wote. Michubuko weka kwa vifaru na silaha, kwa kiasi na mahali pake. Matundu na mabati yaliyopinda weka kwa modeli moja tu, mbili zikizidi sana, jeshi lote lililobaki usiliguse kwa hilo. Hapo chini naeleza kwa nini, na naeleza kwa urefu kwa sababu hili jambo watu wanalifanya kwa mkupuo na ndo maana linawaharibikia.

Watu wanachanganya vitu vitatu na kuviita jina moja. Kuna uchafu, yaani kitu kilichotoka nje kikakaa juu ya rangi: vumbi, tope, masizi, mafuta yaliyomwagika. Kuna uchakavu, rangi yenyewe imeondoka au imepauka: mikwaruzo, michubuko, jua. Halafu kuna makovu ya vita, umbo la kitu limebadilika: tundu, mfereji uliochimbwa na kombora lililoteleza, madigadi iliyokunjika. Hivi vitu vinakuja kwa kasi tofauti. Vumbi linakuja ndani ya nusu saa ya mwendo. Uchakavu unataka wiki kadhaa na mikono na buti za watu. Kovu linakuja kwa sekunde, na kwa kifaru mara nyingi siku ya kovu kubwa ndo siku yake ya mwisho. Sasa ukiwa na jeshi lenye vifaru vyote vimetobolewa na bado vinasonga mbele, mtazamaji hata kama hajui historia anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Ila jeshi lote likiwa na vumbi hakuna atakayeshangaa, maana hakuna njia ya kufika vitani bila kupita barabarani.

Halafu hiyo hali ya kuonekana vimetoka kiwandani, mwenzako kaiona sawa ila dawa aliyokupa sio. Tatizo kwa kawaida haliko kwenye kukosa kutu. Liko pale buti zinapokutana na kitako, kile kibao kidogo ambacho kisanamu kimesimama juu yake. Umeweka udongo mzuri kwenye kitako, umepanda na nyasi, halafu juu yake kasimama mtu mwenye buti zinazong'aa na pindo la suruali lisilo na hata chembe ya huo udongo aliosimama juu yake. Jicho linasoma vitu viwili vilivyogundishwa. Kwa hiyo kabla hujafikiria sponji wala rangi ya kutu, chukua ileile rangi uliyopakia udongo wa kitako, ileile kabisa, uipandishe kwenye buti, kwenye magoti, kwenye pindo la koti, kwenye magurudumu na sehemu ya chini ya kifaru. Hilo peke yake linamaliza zaidi ya nusu ya tatizo lako na halina hatari yoyote.

Na rangi ya udongo iwe ya mahali. Wako ni 1943 kiangazi, wengi hapo wanamaanisha Kursk, vile vita vikubwa vya vifaru kati ya Wasovieti na Wajerumani nchini Urusi, vilivyoanza tarehe 5 Julai. Kule ni udongo mweusi, ule maarufu kwa rutuba, ukilowa unakaribia kuwa mweusi kabisa na ukikauka ukawa vumbi unapauka unakuwa kijivu cha kahawia. Joto lilikuwepo na vumbi lilikuwepo, na mvua za radi zilinyesha pia zikageuza barabara kuwa tope, kwa hiyo una ruhusa ya vyote viwili kwenye modeli moja: tope jeusi lililoganda chini karibu na magurudumu, vumbi lililopauka juu yake. Usiweke vumbi jekundu wala la njano ya jangwani kwa sababu tu ndo chupa uliyokuwa nayo.

Sasa hesabu kidogo, maana hii ndo inawasaidia watu kujizuia. Kisanamu cha 28mm kwa kawaida kinawekwa pamoja na magari ya kipimo cha 1/56. Yaani doa la rangi la milimita 1 kwenye kifaru chako ni doa la sentimita 5.6 kwenye kifaru halisi. Doa la milimita 3, ambalo kwa brashi ni rahisi sana kulidondosha bila hata kukusudia, ni bamba la rangi karibu sentimita 17 limebanduka. Fikiria kifaru kizima kimejaa mabaka ya ukubwa huo, hapo kitakuwa kimekaa nje miaka, kimetelekezwa. Kwenye 15mm, ambapo wengi wanatumia 1/100, milimita moja ni sentimita 10, kwa hiyo michubuko inabaki kwenye kona tu, vidoadoa. Kwenye 6mm usijisumbue, paka woshi ya kahawia, yaani rangi nyepesi kama maji inayoingia kwenye mifereji, pitisha brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo sana, ya rangi ya vumbi, basi.

Na umbali nao. Mezani unaangalia modeli kutoka kama mita moja, kwa kipimo chako ni sawa na kusimama mita 56 kutoka kwenye kifaru halisi. Ukiwa umbali huo mkwaruzo mmoja mmoja hauuoni, unaona tofauti ya toni: chini kumepauka, nyuma kumekuwa kweusi, kona zinaonekana zimetumika. Hii ndo picha unayoitafuta. Mtu anayepaka kwa ajili ya kabati la maonyesho, modeli inayoangaliwa kwa karibu kabisa, yeye ana sababu ya kuchora mikwaruzo mia. Wewe wa mezani hiyo mikwaruzo mia ikifika umbali wa mita inageuka ukungu wa kahawia unaoua rangi ya kijani uliyoipaka kwa bidii.

Sasa uchakavu unakaa wapi. Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndo raha ya hii kazi ilipo. Kabla ya kila doa jiulize nani au nini kiligusa hapa. T-34 ni modeli nzuri sana kwa hilo kwa sababu Wasovieti walikuwa wanapakiza askari wa miguu juu ya vifaru, wanapanda, wanashuka mbio, wanapanda tena. Kwa hiyo vile vyuma vya kushikilia vilivyochomelewa kwenye tareti na ubavuni vimeshikwa na viganja mamia ya mara, hapo ndo mahali halali pa kuweka chuma kinachong'aa kidogo, mng'ao mwembamba sana juu ya chuma cha kushikia tu. Bamba la juu ya injini, pale nyuma ya tareti, ndo walipokaa na ndo walipokanyaga, hapo mikwaruzo midogo mingi na tope la buti, sio matone yaliyoruka bali tope lililokanyagwa, lenye kingo zilizopakaa. Ukingo wa mlango wa dereva mbele, kila siku anaingia na kutoka hapo. Kingo za milango ya tareti. Ncha za madigadi za mbele, hizo zinagonga kila kitu.

Nenda ubavuni, kuna yale mapipa ya ziada ya mafuta. Dizeli inayomwagika wakati wa kujaza inaacha michirizi myeusi yenye kung'ara kidogo chini ya kifuniko, na vumbi linanata hapohapo. Mchirizi mmoja kwenye pipa moja, na pipa lingine liache kavu. Nyuma kuna mabomba mawili ya ekzosi, moto unaunguza rangi kwa hiyo hayo ni kati ya maeneo machache ambapo kutu la kweli linakubalika, na bamba la nyuma kuyazunguka linakula masizi na vumbi kuliko sehemu yoyote ya kifaru. Cheni ni chuma kitupu, zinapata kutu jepesi haraka sana zikilowa, ila upande unaokanyaga ardhi unasuguliwa ukang'aa. Kwa hiyo cheni: kahawia, vumbi juu yake, halafu brashi kavu ya rangi ya chuma kwenye meno yanayogusa chini tu. Magurudumu yenye mpira pembeni, mpira haubanduki rangi wala hauoti kutu, unapauka kwa vumbi tu, naona watu wengi wanapitisha sponji na hapo.

Ukikosa picha za kuangalia, tafuta tingatinga popote linapofanya kazi. Chuma kizito, rangi nene, cheni, matope, watu wanapanda na kushuka. Utaona rangi imeondoka pale panapoguswa na panapogongwa, katikati ya bamba kubwa ambapo hapagusi mtu rangi iko palepale, ina vumbi tu. Kosa ambalo naliona kila mara kwenye majeshi ya watu ni kutawanya michubuko kwa usawa kila sehemu, hadi katikati ya tareti. Hapo hakuna aliyegusa, basi pasiwe na kitu.

Kutu zito lenyewe sikushauri kabisa kwa hawa. T-34 wengi hawakudumu vitani muda wa kutosha kuota kutu la magamba, na pale rangi ilipotoka chuma kinapata utando mwembamba wa kahawia iliyokolea, sio rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa kali iache kwa gari bovu lililoachwa pembeni ya uwanja kama kizuizi, hapo mwaga unavyotaka.

Tuje kwenye matundu ya risasi. Mkuu, usitoboe mwili wa kifaru. Bamba la mbele la T-34 ni milimita 45 za chuma zilizolala kwa mshazari, risasi ya bunduki ya rashasha haiingii humo, inachofanya ni kupasua rangi na kuacha alama ya kijivu iliyopakaa, kidoa. Kwa hiyo mfululizo wa vidoa vya kijivu, vitatu vinne kwa mstari usionyooka sana, hilo linaeleweka. Matundu yaweke kwenye vitu vya bati jembamba: madigadi, boksi la vifaa, dumu lililofungwa nyuma, ndoo. Hapo keekee ndogo ya mkono inafanya kazi vizuri, ila modeli yako imeshapakwa, kwa hiyo kila tundu utalirudia rangi ndani. Kawaida hii kazi ya kukata na kutoboa inafanywa kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, ukiwa na plastiki tupu, unaweza kukosea na kuziba.

Kombora la kutoboa chuma likipita linaacha tundu la duara, safi kuliko watu wanavyofikiria, na pembeni yake rangi imeruka kwa duara kubwa kidogo. Likiteleza linaacha mfereji kama kijiko kimechota siagi, chuma kinang'aa siku ya kwanza na baada ya unyevu kidogo kinageuka kahawia. Mfereji mmoja wa hivi ubavuni mwa tareti ya kifaru cha kamanda ni kitu kizuri mno, unasema hiki kifaru kimeshanusurika. Kwa modeli iliyopakwa tayari unaweza kuuchora bila kukata: umbo jembamba la kahawia iliyokolea, ndani yake mstari wa chuma, halafu kwenye ukingo wa chini mstari mwembamba wa kijani kilichoongezwa weupe, ule unakamata mwanga na jicho linaona shimo. Uweke kwenye modeli moja tu. Ukiweka kwenye vyote hakuna tena kilichonusurika, vyote ni sawa.

Askari wa miguu ni habari tofauti kabisa na hapa sponji weka kando. Kitambaa hakibanduki. Kitambaa kinapauka, kinaloa, kinachafuka, kinachanika. Sare za Wasovieti zilipauka vibaya kwa jua na kufuliwa, na mwanzoni mwa 1943 sare mpya zenye pedi za cheo mabegani zilianza kutoka, kwa hiyo ndani ya kikosi kimoja unakuta mtu na shati jipya lenye kijani cha kahawia na jirani yake limekuwa karibu rangi ya nyasi kavu. Kama umepaka wote rangi moja, chukua rangi ileile, ongeza weupe wenye njano kidogo, uifanye nyepesi, upitishe mabegani na mgongoni kwa theluthi moja ya askari hivi. Watabadilika hapohapo, kikosi kitakuwa na watu badala ya nakala. Vumbi kwenye magoti na viwiko, maana wanatambaa, na kwenye makalio kwa walioshuka kwenye kifaru. Helmeti, mkwaruzo mmoja au miwili kwenye ukingo. Ile PPSh-41, bunduki yao ndogo ya rashasha, ncha ya ganda la mtutu na sehemu ya chini ya kitako cha mbao pale mkono unaposhika, hapo brashi kavu ya chuma na mbao iliyopauka. Uso usiuchafue, ukishaweka tope usoni kwa 28mm unaonekana umekosea rangi ya ngozi, na uso ndo kitu cha kwanza mtu anaangalia.

Sasa utaratibu, ili hiyo hofu yako ipungue. Hofu ni ya haki, ila ina tiba. Kwanza acha akriliki zako, zile rangi za maji, zikauke kabisa, sio kukauka juu juu, zipe siku nzima angalau. Halafu piga vanishi jeshi lote. Kwenye vifaru piga ya satini (inayong'aa kidogo) au ya kung'aa, kwenye askari piga ya mati, isiyong'aa. Usipige spreyi siku yenye unyevu mwingi hewani, vanishi inaweza kugeuka ukungu mweupe. Ikikauka, kila utakachokifanya juu yake kinakaa juu ya vanishi na sio juu ya kazi yako ya miezi, na kama kimekukera dakika ileile unakifuta kwa kitambaa kilicholowa, kazi ya chini iko salama. Chukua kipande cha plastiki kisichotumika, au kifaru kimoja unachokipenda kidogo, ujaribie hapo.

Michubuko tumia sponji. Nyofoa kipande, usikate kwa mkasi, maana ukikata unapata pande zilizonyooka na zitagonga alama zilezile. Rangi iwe kahawia iliyokolea sana karibu na nyeusi, sio rangi ya fedha. Watu wengi wanaanza na fedha na kifaru kinakuwa kama kimemwagiwa unga unaometameta. Chovya, halafu ugonge kwenye karatasi ya tishu mpaka uamini imeisha, ukishaamini imeisha gonga tena mara mbili, sasa gusa kona. Inatakiwa utoke na vidoa ambavyo hukuvipanga. Halafu chukua brashi nyembamba na kijani chako kilichoongezwa weupe, pitia chini ya vidoa vikubwa vichache, sio vyote, mstari mmoja mdogo. Hapo doa linageuka kina. Njia nyingine ni kuanza na sponji ya kijani kilichopauka kwanza, ambayo ni mkwaruzo wa juu tu, halafu kahawia ndani ya baadhi ya hivyo vidoa, ambapo mkwaruzo umefika chumani. Mimi hii ya pili ndo naipenda zaidi, inachelewa kidogo lakini matokeo yake yametulia.

Michirizi tumia rangi ya mafuta, ile ya wachoraji wa turubai. Weka tone la kahawia kwenye kipande cha kadibodi uliache kama nusu saa, kadibodi inanyonya yale mafuta na rangi itakauka mati na haraka zaidi. Chukua kitone kidogo sana, kiguse kwenye bamba la ubavu chini ya kona au chini ya nati, halafu brashi safi yenye waiti spiriti kidogo, uifute mpaka ibaki na unyevu tu, uvute kwenda chini kama maji ya mvua yanavyoshuka. Vuta tena, na tena, mpaka ubaki na kivuli tu cha mchirizi. Uzuri wa rangi ya mafuta ni kwamba inakusubiri, una saa kadhaa za kubadilisha mawazo. Sisitizo langu ni waiti spiriti, sio tina, tina ile kali ya rangi za magari inaweza kula vanishi, akriliki na hata plastiki yenyewe. Na fungua dirisha.

Kuhusu ule unga wa rangi, pigmenti, unatoa vumbi zuri kuliko kitu chochote, lakini kumbuka modeli yako inashikwa. Kila gemu vidole vinapita. Unga usiposhikiliwa unaisha kwa gemu chache, ukiupigia vanishi juu nusu ya weupe wake unapotea, na ukiugandisha kwa alkoholi, alkoholi nayo ikisuguliwa inaweza kulainisha akriliki. Kwa modeli ya mezani ninachofanya ni kuchanganya unga na vanishi ya mati ya maji, inakuwa kama uji mwepesi, nadondosha chini kwenye magurudumu na kwenye pembe ambapo vumbi lingejikusanya, halafu sehemu za juu natumia akriliki ya rangi ya vumbi niliyoifanya nyepesi mno, naipitisha kwa brashi pana. Vaa barakoa ukifungua kopo la unga, usiuvute.

Kuna wakati wa kuacha safi na nisingependa mtu akushawishi vinginevyo. Modeli yenye nembo nyingi za kuchora kwa mkono, bendera, ngao zenye alama za ukoo, hizo kazi ndo zenyewe, ukizifunika tope umefunika kitu bora ulichonacho. Kikosi cha gwaride. Modeli unayotaka kuiuza, mnunuzi ana ladha yake. Na kama moyo wako unapenda usafi, ukiwatazama unafurahi, basi hao wamekamilika na ushauri wa mwenzako ni ladha yake. Ila kuna sababu moja siikubali, ile ya kuchakaza ili kuficha rangi iliyopakwa vibaya. Woshi ya kahawia juu ya kazi mbovu inazidisha ubovu, inaingia kwenye kila tone lililoganda na kila alama ya brashi na kuionyesha. Kazi yako ni safi kwa hiyo hili halikuhusu, lakini wapo wanaosoma.

Roboti wa anga za mbali. Utaratibu ni uleule, maswali ndo yanabadilika, kwa sababu huna picha za zamani za kukuongoza, kwa hiyo lazima wewe uamue kabla ya brashi. Chini ya rangi yao kuna nini? Kama ni chuma kina kutu, kama ni kitu kama aluminiamu hakina kutu kamwe, kinang'aa au kinapauka kijivu. Kama ni plastiki ngumu au kauri, kikibanduka kinaonyesha rangi ileile au nyeupe, na ukiweka kutu hapo umejipinga mwenyewe. Amua mara moja, andika pembeni, fuata kwa jeshi zima. Pia angalia tabia ya upande wao. Kwenye Warhammer 40,000, gemu ya mezani ya vita vya anga za mbali, jeshi la Death Guard bila kutu na uozo halisomeki, lakini Ultramarines ukiwapa kutu hilohilo unapoteza ule unadhifu unaowatambulisha, wao vumbi la buti na kona zilizochubuka kidogo zinawatosha. Faida yako kwa hawa roboti ni kwamba bado hujawapaka, kwa hiyo unaweza kutumia njia ya spreyi ya nywele: unapaka rangi ya chini, unailinda kwa vanishi, unapiga spreyi ya nywele, unapaka rangi ya juu kwa akriliki, ikishakauka unalowesha kwa maji na kusugua kwa brashi ngumu, rangi ya juu inabanduka yenyewe kweli kweli. Hakuna sponji inayofikia hilo. Ndo njia hiyohiyo ya chokaa nyeupe ya majira ya baridi siku ukiamua kupaka T-34 wengine wa theluji, maana chokaa ile ilipakwa ya muda tu, ilitoka kwa mvua na kwa mikono ya askari.

Mwisho zile namba za tareti. Kwenye gemu zinakusaidia kutofautisha kifaru na kifaru, kwa hiyo zisomeke. Kama zimebaki nyeupe kabisa wakati kifaru kizima kina vumbi zitaruka machoni, kwa hiyo chukua sponji yenye kijani cha tareti, sio kahawia, gonga juu ya namba mara mbili tatu kwenye kingo zake, ili rangi nyeupe ionekane imechubuka ikaacha kijani cha chini. Halafu pitisha lile vumbi jepesi la mwisho juu ya namba pamoja na bamba lote, usiikwepe namba. Ukimaliza, kiweke kifaru mezani, rudi nyuma mita moja, kama bado unasoma namba bila kukaza macho, piga vanishi ya mati ya mwisho na uhamie kinachofuata.